Bastola ya kwanza ya askari mpya: Glock 45, M&P 2.0, na mkono wako

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anamaliza chuo cha polisi hapa Texas mwezi ujao. Idara iliyomwajiri ni ya mji mdogo, na badala ya bastola imempa karatasi yenye orodha ya aina zinazokubalika. Anunue mwenyewe, aje nayo siku ya kupimwa shabaha. Baba yangu, sajenti mstaafu wa polisi kule Tanga, nilipomsimulia kwa simu alishangaa sana. Kwao silaha inatoka ghalani, unasaini kitabu, unahesabiwa risasi, na ukimaliza lindo unairudisha. Hakuna anayeuliza kama inakutosha mkononi. Hapa pia idara nyingi hutoa bastola, lakini zipo zinazomwachia askari achague, na vijana wetu wanaoingia kazini wanajikuta mbele ya kabati la kioo bila ndugu wa kuwashauri.

Mimi ni askari wa doria, mwanamke mwenye mikono midogo, na silaha naivaa kila zamu. Haya ni maoni ya mtu anayeitumia bastola kazini, na nimeyaandika kwa ajili ya mdogo wangu na wenzake.

Kabla ya jina la kampuni, anza na mkono. Muuzaji akukabidhi bastola akiwa ameshaifungua mbele yako, magazini (kile kisanduku cha risasi) nje, chemba (tundu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) wazi, nawe uangalie tena mwenyewe kwa jicho na kwa kidole. Elekeza mtutu pale anapokuonyesha. Ishike juu kabisa, ile nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada ikae chini ya slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma) bila nafasi, na mtutu ulingane na mfupa wa mkono wako hadi kwenye kiwiko. Sasa peleka kidole cha shahada kwenye kifyatulio. Nyama ya ncha ya kidole ikitua pale katikati bila wewe kuuzungusha mshiko, bastola hiyo ni ya kwako. Ukilazimika kuigeuza kidogo ili kidole kifike, iache, hata kama askari wote wa wilaya wanaisifu. Mshiko uliogeuzwa hupeleka risasi pembeni kila mara kidole kinapovuta, na teke la bunduki linatua kwenye kiungo cha dole gumba badala ya kupita mkono mzima. Nimewaona makuruta waliohesabiwa hawawezi kulenga, kumbe mshiko ulikuwa mnene tu. Wakabadilishiwa bastola, na shabaha zao zikanyooka siku ileile.

Wanawake nawaambia jambo moja zaidi. Duka la kwanza nililoingia, muuzaji alinitazama mikono akaniletea bastola ndogo ya silinda inayozunguka (rivolva), nyepesi, ya risasi tano. Hiyo haifai kwa kazi hii. Bunduki ikiwa ndogo na nyepesi, teke lake linazidi, na vilengeo vyake vinakaribiana hivi kwamba kosa dogo la jicho linakuwa kubwa huko mbele. Mkono mdogo unahitaji bastola ya kazi yenye mshiko mwembamba. Niliondoka, nikaenda duka lingine lenye uwanja wa shabaha nyuma yake, wanakokodisha bastola kwa saa. Fanya hivyo. Ada ya kukodi ni ndogo ukilinganisha na bei ya silaha utakayoichukia miaka mitano.

Niliyoichukua mimi ni Smith & Wesson M&P9, toleo la M2.0 lililoingia sokoni mwaka 2017. Sababu kubwa ni migongo ya mshiko: inakuja na vipande vinne vya ukubwa tofauti, na kile kidogo kabisa kilikifikisha kidole changu pale kinapotakiwa. Inabeba risasi 17 za milimita 9. Ngozi ya mshiko ni ya kukwaruza. Wengine hawaipendi, hasa wakiivaa chini ya shati siku za mapumziko, lakini kiangazi cha Texas mikono inalowa jasho hadi kwenye kucha, na mvua ikinyesha hukuti kitu kinateleza. Mimi naupenda ule mkwaruzo.

Kuna jambo jingine kwenye M&P ambalo wauzaji hawalisemi vya kutosha. Ukitaka kuivua uisafishe, huhitaji kuvuta kifyatulio: ndani mna kijiti kidogo, unakishusha kwa ncha ya kalamu, kisha slaidi inatoka. Kwa Glock lazima uvute kifyatulio kwanza. Hilo si hatari kwa mtu anayekagua chemba kila mara bila kuruka hatua. Lakini fikiria askari mpya, ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, mtoto analia chumba cha pili, anataka asafishe bastola alale. Hapo ndipo risasi iliyosahaulika chemba hutoka. Kwa hiyo ukinunua Glock, jifundishe utaratibu mmoja na usiubadilishe kamwe: magazini nje, vuta slaidi, angalia, gusa kwa kidole, elekeza mtutu mahali salama, ndipo uvute.

Hata hivyo, kwa mdogo wangu nimependekeza Glock 45. Yeye ana mikono mikubwa ya wavuvi wa ukoo wa mama, na M&P yenye kipande kikubwa na Glock zote mbili zilimkaa vizuri. Glock 45 ilitoka mwaka 2019. Wamechukua mwili wa Glock 17, wenye mshiko mrefu na magazini ya risasi 17, wakauwekea slaidi fupi ya Glock 19. Kidole cha mwisho kinapata pa kushika, na mtutu mfupi hausumbui ukikaa kwenye gari kwa muda wa saa kumi. Glock 17 yenyewe imekuwepo tangu jeshi la Austria lilipoichagua mwanzoni mwa miaka ya 1980, na huo umri ndio faida yake kubwa kwa askari mpya: ala (mifuko ya kuvalia bastola kiunoni) zipo za kila namna, magazini zipo kila duka, na fundi wa idara anaijua hata gizani. Kampuni pia ina bei maalumu kwa polisi, na kuruta mwenye barua ya chuo hukubaliwa. Uliza kabla hujalipa bei ya raia.

Vilengeo vya kawaida vya Glock ni vya plastiki. Agiza ile inayokuja na vya chuma vinavyong'aa gizani, kwa sababu polisi hufanya kazi nyingi usiku.

SIG Sauer P320 ilikuwa pia kwenye orodha ya mdogo wangu. Jeshi la Marekani lilichagua bastola ya jamii hiyo mwaka 2017, na mkononi ni nzuri kweli, kifyatulio chake laini. Lakini mwaka huohuo kampuni ilitangaza marekebisho ya hiari baada ya majaribio kuonyesha kwamba inaweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani, na tangu hapo kumekuwa na kesi nyingi za watu, wakiwemo polisi, wanaodai ilifyatuka bila wao kugusa kifyatulio. Kampuni inakanusha, na kesi zimekwenda huku na huku. Sina kazi ya kuwa hakimu. Nilimwambia tu mdogo wangu kwamba askari mpya ana mambo mengi ya kuwaza, na orodha ina bastola nyingine mbili nzuri.

Kuhusu ukubwa wa risasi, utakutana na wazee dukani watakaokuambia milimita 9 ni ya watoto, chukua .40 au .45, yaani risasi nene zaidi, zinazopimwa kwa inchi. Wana historia yao. Mwaka 1986 kule Miami, maafisa wa FBI walipambana na majambazi wawili, wawili wao wakauawa na wengine wakajeruhiwa, na lawama kubwa ikaangukia risasi ya milimita 9 ambayo haikuingia ndani vya kutosha. Hapo ndipo ilipoanza safari ya kutafuta risasi kubwa zaidi, na .40 ikazaliwa mwaka 1990. Lakini risasi zimeboreshwa mno tangu wakati huo, na FBI wenyewe walirudi kwenye 9 katikati ya miaka ya 2010. Ina teke dogo, inaingia nyingi kwenye magazini, na ni nafuu. Bastola za .40 zilizotumika utazikuta kwa bei ya kutupa kwa sababu idara nyingi zinaziuza. Usivutwe na bei hiyo.

Sasa ala. Hapa ndipo makuruta wanapobana pesa, na mimi huwa nakasirika. Ametumia mamia ya dola kwa bastola, kisha ananunua ala ya kitambaa au ya plastiki nyepesi ya kuchomeka tu. Unapomfunga mtu pingu akaanza kupigana, mkono wake utatafuta kiunoni mwako. Ala ya kazi lazima iwe na kufuli zaidi ya moja. Ninayovaa ni Safariland 6360: kufuli moja inaishika bastola yenyewe kwa ndani, na juu kuna kifuniko unachokisukuma chini na mbele kwa dole gumba. Ukijizoeza ni mwendo mmoja tu wa mkono. Anayevuta kutoka nyuma au pembeni hajui afanye nini nayo.

Kabla ya kununua ala, amua kwanza kuhusu tochi, ile inayofungwa chini ya mtutu. Ala hukatwa kwa ajili ya bastola fulani yenye tochi fulani, na ukibadilisha tochi baadaye, ala hiyo haina kazi tena. Nunua vyote pamoja. Na wanawake wenzangu, ombeni kipande kinachoishusha ala kidogo chini ya mkanda na kuisogeza mbali na nyonga. Bila hicho, kitako cha bastola kinakuchoma mbavu na kiwiko kinapanda hadi begani unapochomoa.

Risasi za kazini kwa kawaida idara hutoa. Za mazoezi ni zako. Nilimwambia mdogo wangu atenge fungu la risasi kabla hajafikiria mapambo yoyote, masanduku ya 50 yale ya kawaida. Kuruta anayepiga kidogo kidogo kila mwezi na bastola ya kawaida atamshinda mwenye bastola ya bei mbaya anayeigusa siku ya mtihani tu. Na nyumbani ajizoeze kuchomoa bila risasi, na risasi zote ziwe chumba kingine.

Tukiwa hapo nyumbani: nyumba zetu zimejaa watoto, wa kwako, wa jirani, wa ndugu waliokuja mapumziko ya Krismasi. Kisanduku cha chuma chenye namba, kilichofungwa kwenye ukuta au sakafu, kiwe kwenye hesabu ya siku ya kwanza. Sheria ya Texas inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayeacha kwa uzembe bunduki yenye risasi, na mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Lakini hata pasingekuwa na sheria, nisingempeleka mwanangu kulala nyumba ambayo bastola iko kwenye droo ya kitanda.

La mwisho ni vile vioo vidogo vya nukta nyekundu vinavyofungwa juu ya slaidi. Idara ya mdogo wangu bado haijaviruhusu kwa askari wapya, lakini idara nyingi zinavikubali. Ndiyo maana nilimwambia achukue Glock 45 ya toleo la MOS, ambayo slaidi yake imekatwa tayari kwa ajili hiyo. Inazidi bei kidogo, na kukata slaidi baadaye kwa fundi kunagharimu zaidi. Ala nayo aagize yenye nafasi ya kioo hicho juu yake, vinginevyo atanunua mara mbili.