Kadi ya nauli ya wanafunzi, Barabara ya Thika: inamfaa wa mchana, inamwacha wa jioni

Chama kimoja cha matatu kinachohudumu kati ya katikati ya jiji la Nairobi na mtaa wa Kahawa Wendani kilianza muhula uliopita kutoa kadi ya punguzo la nauli kwa wanafunzi wa vyuo. Nimeifuatilia kwa makini kwa sababu mimi husoma jioni baada ya kazi, na nauli hunisumbua kuliko hata karo, ambayo angalau hulipwa kwa awamu.

Nianze na sifa, kwa maana zipo. Mwenye kadi hulipa shilingi 50 badala ya 70, na hulipa kwa M-Pesa kabla gari halijaondoka steji, hivyo mabishano ya chenji hayapo. Zaidi ya hayo, hupewa kiti kama abiria mwingine yeyote. Aliyewahi kupanda matatu akiwa na sare ya shule anajua uzito wa jambo hilo, kwani mtoto anayelipa nusu nauli huambiwa asimame au abanane na wenzake, na asubuhi abiria wakiwa wengi huachwa steji kabisa. Makondakta wa chama hiki hawafanyi hivyo, na wanastahili pongezi, hasa ikikumbukwa kwamba nauli za matatu nchini hupangwa na wenye magari wenyewe kupitia vyama na kampuni zao. Punguzo hili ni hiari yao.

Hata hivyo, masharti yake yamewaacha nje wanafunzi wawili ambao wangelihitaji zaidi.

Wa kwanza ni yule anayesoma kwa muda. Kadi hutumika kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na mwombaji sharti alete barua ya chuo inayothibitisha kwamba anasoma muda wote. Mimi huingia darasani saa kumi na moja unusu jioni na kutoka saa mbili unusu usiku, wakati nauli ya kurudi nyumbani imeshafika shilingi 100, na mvua ikinyesha huongezeka tena. Naelewa hesabu ya wenye magari: mchana viti huwa vitupu na punguzo huvijaza, ilhali saa kumi na mbili jioni kila kiti kina watu wanaokigombea. Lakini hesabu hiyo hiyo ingewaelekeza watufikirie sisi, kwa kuwa baada ya saa mbili usiku foleni ya abiria huwa imekatika, na gari hukaa steji likisubiri watu huku utingo akipiga bodi na kuita hadi sauti inamkauka. Wanafunzi wa jioni wangelijaza mapema. Anayejilipia karo kwa mshahara mdogo hana nafuu yoyote kumshinda anayesoma mchana, na sioni kwa nini barua ya chuo imfanye aonekane si mwanafunzi.

Wa pili ni mwanafunzi wa kigeni, na hapa kosa ni dogo kiasi cha kuhuzunisha. Fomu ya maombi ina visanduku vinane vya nambari ya kitambulisho cha taifa, basi. Mwenzangu wa darasani anayetoka Kongo alifika ofisini kwao akiwa na pasipoti, kibali cha mwanafunzi na kitambulisho cha chuo, akajibiwa, "Dada, hapa tunataka kipande cha Kenya." Kitambulisho chake cha chuo kinafanana na changu kwa kila kitu isipokuwa jina na picha.

Vikwazo vya namna hii havipo Nairobi pekee. Jijini Sydney, mwanafunzi wa kigeni anayejilipia karo hapati nauli nafuu ya wanafunzi, na anayesoma kwa muda hapati pia. Ujerumani walifuata njia tofauti: tiketi ya muhula inayotumika nchi nzima, iliyoanza mwaka 2024 kwa Yuro 29.40 kwa mwezi, hulipiwa pamoja na ada za muhula katika vyuo vilivyojiunga, na mgeni hulipa sawa na mwenyeji. Mpango kama huo ungehitaji vyuo vyetu vikae meza moja na wenye matatu, jambo ambalo natamani lianze, ingawa si la kesho.

Kwa anayesoma mchana na mwenye kitambulisho cha Kenya, ninaipendekeza kadi hii bila kusita. Kwa ujumla naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizobaki zinapatikana kwa gharama ndogo: saa za punguzo zirejee kuanzia saa mbili usiku, kitambulisho cha chuo kinachotumika kikubaliwe badala ya barua, na fomu ya muhula ujao iwe na nafasi ya nambari ya pasipoti.