Bluebook na Khan Academy kwa Mwanafunzi wa Shule ya Kata
Kwa miezi minne nilimsaidia mdogo wangu, aliyesoma shule ya kata isiyo na maktaba, kujiandaa na mtihani wa SAT ili aombe nafasi katika vyuo vikuu vyenye ushindani mkali nchini Marekani, na tegemeo letu lilikuwa mazoezi ya tovuti ya masomo ya Khan Academy pamoja na programu ya Bluebook, ambayo ndiyo hutumika siku ya mtihani wenyewe. Vyote viwili ni bure. Jaribio zima la Bluebook lina maswali 98 kwa saa 2 na dakika 14, na kikokotoo cha grafu kimo humo humo; jioni ya kwanza alihangaika nacho hadi chaji ya kompyuta ya kuazima ikaisha, lakini kufikia jaribio la tatu alimaliza hisabati na muda ukabaki.

Kasoro ninayoiona ni nzito: Bluebook haifanyi kazi kwenye simu, ilhali kwa wanafunzi wetu wengi simu ndiyo kifaa pekee kilichopo nyumbani. Insha za maombi ya chuo ni jambo jingine kabisa; hizo alisahihishiwa na mwalimu wake wa Kiingereza, mstari kwa mstari. Ninazipendekeza huduma hizi mbili kwa dhati, mradi kompyuta itafutwe mapema.