Usiku wangu na Yo La Tengo pale Bowery Ballroom

Wifi yangu ndiye aliyenipeleka. Miaka miwili nzima alikuwa akiniambia, "Wifi, lazima ukawasikie hawa," nami namjibu kwamba roki siijui. Nimekulia Tanga kwenye maharusi ya taarabu, na gitaa la umeme nililolizoea ni la dansi. Ilipofika Desemba, usiku wa tatu wa Hanukkah, sikukuu ya Kiyahudi ya siku nane, nikaishiwa visingizio.

Yo La Tengo ni watu watatu tu. Ira Kaplan yuko kwenye gitaa, mkewe Georgia Hubley kwenye dramu, na James McNew kwenye besi. Mume na mke waliianzisha bendi Hoboken, New Jersey, mwaka 1984. James akaingia 1992, na tangu hapo ni haohao. Hoboken ni pua na mdomo na kwetu Jersey City, na huko ndiko walikoanza mwaka 2001 kupiga nyusiku zote nane za Hanukkah, kwenye ukumbi mdogo wa Maxwell's. Maxwell's ilifungwa 2013. Mwaka 2017 wakaufufua utaratibu huo ng'ambo ya mto, kwenye ukumbi wa Bowery Ballroom, Manhattan, jijini New York. Kila usiku una nyimbo zake, bendi yake ya kufungua na mchekeshaji wake, wageni hawatangazwi mapema, na mapato huenda kwenye hisani. Ndiyo maana kuna watu hununua tiketi za siku zote nane.

Sisi tulichelewa, tukamwangukia mlanguzi wa mtandaoni aliyetutoza karibu mara mbili ya bei. Iliniuma. Ukisikia tiketi zimetoka, nunua siku hiyohiyo, maana ukumbi unachukua watu 575 tu.

Kufika ni rahisi: treni ya J mpaka kituo cha Bowery, ukipanda ngazi umeshafika Delancey Street. Baa iko chini, jukwaa juu, na kuna roshani. Tulisimama kushoto, hatua kama sita kutoka jukwaani.

Walipopanda nilidhani ni mafundi mitambo. Ira alivaa fulana ya mistari, akainama, akageuza kitufe kimoja cha amplifaya yake. Georgia akakaa. Hakuna salamu ndefu, hakuna "mpo?", wakaanza tu.

Wimbo wa tatu ndio ulionishika. Georgia aliuimba akiwa kulekule nyuma ya dramu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto aliyekaribia kusinzia, mikononi ana brashi badala ya fimbo. Kila Ira alipokanyaga swichi ya gitaa mguuni pake, nilisikia *tak*. Watu zaidi ya mia tano wamesimama na bia mkononi, na sauti ya swichi inatufikia! Kijana nyuma yetu, aliyekuwa akisimulia mambo ya kazini tangu tuingie, akakata katikati ya sentensi. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nimekaa na jambo hilo tangu siku ile. Kwenye maharusi yetu mwimbaji hushindana na vijiko, watoto na jenereta, akizidiwa anaongeza spika. Hawa kila ukumbi ulipochangamka walipunguza, nasi tukawafuata hukohuko chini. Sijawahi kusikiliza na umati namna ile.

Lakini usije ukadhani ni bendi ya kulala. Karibu na mwisho walipiga wimbo mmoja uliopita dakika kumi. James alirudia noti chache zilezile za besi bila kuyumba hata kidogo. Juu yake Ira, yule mpole wa mwanzo, alilishika gitaa shingoni akalipunga mbele ya amplifaya mpaka likalia kama bati linaloburutwa kwenye lami. Nilihisi sauti mbavuni. Georgia uso haukubadilika. Akamtazama mumewe mara moja, mume akainua kidevu kidogo, na wote watatu wakashuka pamoja, kwa pigo moja, mpaka kwenye brashi. Miaka zaidi ya thelathini ya kupiga pamoja niliiona kwenye kidevu kile.

Kwa hiyo beba vizibo vya masikio, nasema kwa dhati, na uvae viatu vya kusimamia kwa muda wa saa tatu. Mwenye magoti ya shida awahi mapema, apande roshani. Wanaotaka mwimbaji wa kuwachangamsha na kuwapigisha makofi, hapa hawatampata, na sioni kama ni upungufu.

Kwenye treni wifi akaniuliza, "Haya, upi umeupenda?" Jina la wimbo nisingelijua. Nikampigia ule mdundo wa brashi kwa vidole viwili juu ya mkoba wangu, taratibu, na kabla hatujafika Canal Street alikuwa ameshaanza kuuimba.