Jimu ya ndondi Majengo isiyouza makopo

Bango hawana. Panda ngazi za juu ya gereji, Majengo, Mombasa, si mbali na Makupa, ufuate harufu ya liniment na sauti ya kamba. Ukipotea uliza tu "kwa kina ndondi". Nawaandikia wazazi hasa, maana vijana washaijua, na wao huangalia jambo moja tu: nani ana glavu mpya.

Mimi ni muuza dawa. Nimekaa nyuma ya kaunta Mwembe Tayari miaka mingi, na wiki ya pigano huwa naijua kwa wateja wanaoingia. Huja kijana midomo imemkauka, kofia kaishusha usoni, ataka Lasix na cheti cha daktari hana. Lasix ni furosemidi, dawa ya wagonjwa wa moyo na waliovimba miguu. Humkamua mtu maji kwa njia ya mkojo. Kijana miguu yake mizima, ila kesho asubuhi anapimwa uzani, na akizidi daraja lake hapigani. Maji yakitoka hutoka na madini ya potasiamu, na bila potasiamu ya kutosha mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Halafu mtu huyo apande ulingoni apigwe kichwa! Mimi simuuzii. Najua akitoka kwangu kuna atakayemuuzia. Na furosemidi imo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni wakati wote, siku ya pigano na siku zisizo za pigano.

Kwa hivyo binti yangu aliposema ataka ndondi, nilichokwenda kukagua kwanza ni mizani. Ya hapa iko mlangoni, ya chuma, ya zamani, na kochi huijaribu mbele ya watu wote kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. (Watoto wameupa mfuko huo jina la mwalimu wao wa hesabu. Silitaji.) Kila Jumatatu kila mtu hupanda, uzani ukaandikwa daftarini. Zikibaki siku saba kabla ya pigano na umezidi kikomo chako kwa zaidi ya kilo mbili, wapanda daraja la juu au wakaa nje. Hakuna kuvaa nailoni ukakimbia barabara ya Mama Ngina saa saba mchana, hakuna kutema mate kwenye chupa ili uzani ushuke. Nilikuwepo kochi alipomkatalia bondia wake mkubwa, yule wanaomtegemea kuleta medali. "Nenda kale. Utapigana mwezi ujao." Kijana alinuna, akaenda.

Wanaodhani ni kudekeza watoto wakumbuke Mbio za Nyika za Dunia zilizofanyika hapa hapa tarehe 24 Machi 2007, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari. Joto na unyevu viliwaangusha watu waliozoea kukimbia maisha yao yote. Kenenisa Bekele, bingwa wa miaka mitano mfululizo, aliacha mbio mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Na hao hawakuwa wamejifunga nailoni.

Lililonifanya nilipe ada siku ile ile ni karatasi ya maswali. Binti yangu ana pumu. Jimu tuliyoijaribu kabla ya hapo, sitaitaja, waliandika jina na nambari ya simu basi, kisha wakatuonyesha kabati la kioo lenye makopo ya unga wa misuli. Hapa waliuliza ugonjwa gani, dawa gani, kipimo gani. Kochi aliposoma "salbutamoli" akainua kichwa: "Ya kuvuta au ya kunywa, mama?"

Swali hilo sikulitarajia kwa mtu aliyeshika kirungu cha kufunzia ngumi, na ndilo swali lenyewe. Orodha ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa za kusisimua misuli, toleo lake jipya huanza kutumika kila Januari 1. Salbutamoli ya kuvuta inaruhusiwa hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, mradi isizidi 600 ndani ya saa nane zozote. Inhela ya kawaida hutoa 100 kwa mvuto mmoja, basi ni mivuto sita kwa saa nane. Lakini tembe za salbutamoli, na ile dawa ya maji ambayo kina mama huninunulia kila mvua zikianza mtoto akikohoa, hizo zimekatazwa. Ya kuvuta halali, ya kunywa haramu, na ni dawa moja! Tembe za prednisoloni nazo, ambazo daktari huandika pumu ikichachamaa, zimekatazwa wakati wa mashindano. Mgonjwa wa kweli hanyimwi matibabu: kuna ruhusa maalumu huombwa, na hapa Kenya mwenye shughuli hiyo ni ADAK, wakala ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kochi ana nakala ya fomu kwenye faili, imekunjika pembe lakini ipo.

Mzazi mwenzangu aliniuliza pale benchini, mtoto wa Majengo nani atampima mkojo? Labda hakuna, mpaka siku atakapokuwapo. Na siku hiyo kilichomo mkojoni mwako ni chako, hata kama aliyekunywesha ni mamako.

Unga wa misuli hawauzi kabisa, na vijana hulalamika. Kopo laweza kuwa na kitu ambacho hakikuandikwa nje, na anayefungiwa ni mwanamichezo, muuzaji habanduki dukani. Kochi huwaambia wale mayai, maharagwe na samaki. Bei ya samaki siku hizi haijui, nadhani.

Wasichana wana kipindi chao Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri hadi saa kumi na moja na nusu, pazia likishushwa. Binti yangu hufanya mazoezi na hijabu yake, na hakuna aliyemuuliza. AIBA, lililokuwa shirikisho la ndondi la dunia, iliiruhusu ulingoni tangu 2019. Akipigwa kichwa mtoto akaona kizunguzungu, hushushwa pale pale na harudi kupigana bila barua ya daktari.

Sasa ubaya wake. Choo ni kimoja, na mlango haufungi. Mahali pa kubadilisha nguo kwa wasichana ni leso mbili zilizotungwa kwenye kamba. Glavu za kuazima zanuka, na vikinga kichwa viwili vimepasuka sponji. Hivyo ningevitupa leo. Mwezi wa Februari hewa hamna mle ndani, feni ni moja nayo huelekezwa ulingoni.

Ada ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa wanafunzi. Nawapa nne kwa tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya choo. Kijana akitaka kifua kabla ya Idi, mpelekeni kwingine. Mwenye pumu mleteni na inhela yake, ila andikeni jina juu yake kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu zote ni za buluu na huwekwa sanduku moja.