Setilaiti hazijawahi kunipoteza, ramani ndiyo imenipoteza

Mimi ni fundi wa majokofu. Jokofu bovu haliendi kwa fundi, fundi ndiye analifuata, kwa hiyo kutwa niko juu ya pikipiki natafuta nyumba ambazo sijawahi kuziona. Huu mwaka wa tatu naongozwa na simu niliyoifunga kwenye usukani, na kwa jinsi nilivyotangatanga nayo nadhani nina haki ya kuisema.

Nianze na sifa zake. Siku moja bando liliniishia katikati ya safari. Nikajua nimekwisha. Lakini ile nukta ya buluu inayoonesha nilipo haikusimama, iliendelea kutambaa kila niliposogea. Kilichopotea ni mitaa: nukta ikawa inaogelea kwenye ukurasa mtupu wa kijivu. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba haya ni mambo mawili tofauti. Mahali ulipo unaambiwa na setilaiti, ambazo ziko juu zaidi ya kilomita 19,000, na simu kazi yake ni kuzisikiliza tu. Haitumi kitu kule juu wala haili bando. Inapima mawimbi yamechukua muda gani kuifikia, na ikizipata setilaiti nne inajua umesimama wapi. Ramani ndiyo inayoletwa na intaneti. Tangu siku hiyo napakua ramani ya eneo zima kabla sijatoka. Kama utachukua neno moja tu kwangu, chukua hilo.

Bila intaneti kuna kusubiri kidogo, hasa kama simu ilikuwa imezimwa siku kadhaa. Ikiwa na mtandao hupewa taarifa za setilaiti mara moja. Bila mtandao inabidi izipokee kutoka angani, na huko zinakuja polepole. Simama mahali penye uwazi, tulia. Wengi huanza kuitikisa simu na kuilaani kabla hata nusu dakika haijaisha.

Simu niliyokuwa nayo mwanzo ilinisumbua sana kwenye maghorofa. Mawimbi yanagonga ukuta, yanazunguka, yanafika yamechelewa, na simu inadhani uko mtaa wa pili. Ninayotumia sasa inasikiliza setilaiti za mifumo minne, GPS ya Marekani pamoja na GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina, tena kwa masafa mawili ya mawimbi. Bado inaruka, lakini mara chache. Ukinunua simu kwa ajili ya kazi kama yangu, soma hicho kipengele kabla ya kuhesabu kamera.

Mshale wa kuonesha umeelekea wapi ni habari nyingine. Ukiwa unakwenda, uko sawa. Ukisimama kwenye njia panda, simu inategemea dira yake ya ndani, na kishikio changu cha kwanza kilikuwa cha sumaku! Nilikuwa naanza safari kwa kurudi nilikotoka, kila asubuhi, wiki nzima, mpaka nilipokitupa nikafunga cha mpira. Dira ikikorofisha, zungusha simu hewani kama unaandika 8. Watu watakutazama, waache.

Sasa malalamiko. Programu ninayotumia, jina naliacha, iliwahi kunipitisha kwenye kichochoro kizuri tu, ikanihesabia mita mia mbili, mia, hamsini, kisha ikaniambia nipande moja kwa moja. Mbele yangu palikuwa na ngazi. Ngazi za saruji, na mimi nina mtungi wa gesi nyuma. Nilitazama nukta: ilikuwa palepale niliposimama, haijakosea hata hatua moja. Aliyechora ramani ndiye aliyeifanya njia ya miguu kuwa barabara. Sasa kabla sijawasha injini naikuza ramani nitazame zile mita za mwisho kwa macho yangu, maana huko ndiko inakodanganya.

Na kuna lokesheni za wateja. Mama mmoja alinitumia yake akiwa jikoni, pembeni ya jokofu lenyewe. Simu ikanifikisha, ikasema nimefika, ikanyamaza. Nikapiga.

“Fundi, mbona sikuoni?”

“Mama, nipo hapa kwako.”

“Kwangu wapi? Mimi niko getini.”

Nikapiga honi. Sauti yake ikaja kwenye simu na juu ya ukuta kwa pamoja: “Uko nyuma ya nyumba!” Kuzunguka mpaka getini kulinila robo saa. Ndani ya nyumba mawimbi ya setilaiti ni hafifu mno, simu inabahatisha kwa minara na Wi-Fi za jirani. Inakwambia hivyo pia, ila kimyakimya: lile duara la buluu hafifu kuzunguka nukta ndiyo kiasi cha shaka yake. Duara likimeza nyumba nne, uko kwenye mojawapo ya hizo nne.

Kuhusu chaji, kinachoimaliza zaidi ni skrini, kwa hiyo mimi huizima na kusikiliza sauti kwenye sikio moja. Juani, simu ikiwa inachajiwa, inachemka na kufifia mpaka huoni kitu.

Naipa nyota nne. Ile ya tano iko kwenye zile ngazi.

Siku hizi namwambia mteja atoke nje, asimame getini, asubiri duara lipungue ndipo atume. Wiki iliyopita mzee mmoja alifanya hivyo, akanipigia: “Fundi, sasa nisisogee mpaka ufike?” Nikamwambia, aingie tu ndani mzee wangu, lokesheni imeshafika. Nilimkuta bado amesimama, simu mkononi, ameinyoosha juu.