King'amuzi kinachotandaza nyuso, na kijana wa "mtindo wa Kijapani"

Nilitaka kuandika neno moja tu: msinunue. Lakini nikiishia hapo mtadhani nalalamikia bei, na bei mimi sina shida nayo. Shida yangu ni paka.

Nilipanda kifurushi kwa sababu ya chaneli moja ya katuni. Picha zake zinakuja zimevutwa. Katuni za zamani zilichorwa kwa kioo cha 4 kwa 3, yaani upana kwa kimo, televisheni zetu za sasa ni 16 kwa 9. Mwenye akili huacha weusi pembeni, basi. Hawa wameitandaza ijae, na Tom, yule paka wa Tom na Jerry, amebaki na uso wa papai lililolazwa ubavu. Habari inakuja sawa, mpira sawa, hiyo chaneli tu. Rimoti nimeibonyeza mpaka namba zinafutika.

Nikaenda ofisini kwao Kariakoo. Foleni mpaka mlangoni, feni imeelekezwa kwa wafanyakazi. Kijana wa dirishani hakutoa macho kwenye simu yake. Nikamwonyesha video niliyorekodi nyumbani, akaitupia jicho.

"Kaka, hiyo haijaharibika. Katuni za siku hizi ndivyo zinavyochorwa. Mtindo wa Kijapani."

Nikamwambia, mdogo wangu, hii ni ya miaka ya 1940.

"Basi wameibadilisha. Anayefuata!"

Anayefuata! Dada wa nyuma yangu akacheka, na sikumlaumu.

Sasa mimi nakula kwa brashi, nachora mabango ya saluni huku Mwananyamala. Nidanganye kuhusu luku, usinidanganye kuhusu mstari. Macho makubwa ya Kijapani ndiyo yapo, ila Osamu Tezuka, mchora katuni wa Kijapani aliyemleta Astro Boy kwenye televisheni mwaka 1963, alikuwa mtu wa kuabudu katuni za Disney, na yale macho kayatoa huko. Baadaye Wamarekani wakaenda kuyakopa tena: tazama Teen Titans ya 2003, mtu akiona aibu linamtoka tone moja kubwa la jasho, au Avatar ya 2005, kazi ya Marekani iliyojaa Japani kila kona. Hata ThunderCats ya 1985 tuliyoidhani ya Marekani tupu, waliokaa na penseli walikuwa Japani. Wachoraji wanakopana tangu zamani. Lakini hakuna Mjapani aliyemfundisha mtu kukandamiza duara!

Na kinachoniuma ni kwamba chaneli yenyewe ni tamu. Usiku wanarusha Tom na Jerry bila mpangilio wowote. Inapita ya Hanna na Barbera, waliomwanzisha paka huyu, manyoya yana uzito, ukuta wa nyuma umepakwa rangi kwa subira. Mara inaingia ya Gene Deitch, zile za 1961 na 1962 zilizotengenezwa Prague huko Chekoslovakia, mistari mikavu, sauti zina mwangwi wa ajabu, unajiuliza paka kaumwa nini. Halafu ya Chuck Jones, Tom kaota nyusi nzito za mtu mwenye madeni. Paka yule yule, mikono mitatu ya wachoraji. Nakaa mpaka saa saba usiku, mke wangu ameanza kuwa na mashaka na hiyo chaneli. Kwa hilo natoa nyota nne.

Hapana, tatu. Maana ili Tom arudi kwenye umbo lake inabidi nikae pembeni kabisa, mgongo kwenye pazia, niitazame televisheni kwa ubavu. Nimelipa hela ya kifurushi kikubwa nitazame kwa ubavu.

Katuni ya Ubongo Kids, inayotengenezwa hapa hapa Dar tangu 2014, naiona kwenye chaneli nyingine na kichwa ni kichwa. (Ile ya michoro ya Tingatinga sitaki hata kuigusa. Mzee Edward Tingatinga kaianzisha hapa mjini na rangi za baiskeli, katuni ya mtindo wake, ya 2010, ikahuishwa Nairobi. Tulikuwa wapi?)

Nyota mbili, zote za Prague. Yule kijana hana yake. Kifurushi kinakata wiki ijayo na nitalipia tena, msiniulize kwa nini.