Mita ilisoma EV 17 na mimi zuzu nikaiamini

Bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Nilinunua mita ya mwanga ya mkono, zile za zamani za mshale, kwa jamaa mmoja mwenye kibanda cha kamera Kariakoo, jina lake naliacha. Kamera yangu ni ya filamu, haina mita ndani, ila lenzi ina ringi ya EV, namba ya kiasi cha mwanga, yani unasoma namba moja kwenye mita unaiweka pale, apecha (tundu la lenzi, ile f) na shata (muda inaofunguka) zinashikana, ukitaka f/8 kwa 1/500 au f/11 kwa 1/250 unazungusha tu zinaenda pamoja na mwanga unabaki ule ule. Raha sana ukizoea.

Sasa harusi ya binamu yangu, Bagamoyo, saa saba mchana, jua la kupasua kichwa. Nasogeza kile kibakuli cheupe cha mita usoni kwa bibi harusi, mshale unaenda 17. Kumi na saba! Jua kali kwa filamu ya ISO 100 (ISO ni wepesi wa filamu kushika mwanga) ni EV 15, ile f/16 kwa 1/125 ambayo hata mtoto anaijua. Nikajidanganya labda ni ule mchanga mweupe, wakati kibakuli kinapima mwanga unaomshukia mtu, mchanga na nguo hata haviingii sana. Nikapiga roli tatu, picha 36.

Kusafisha bafuni kwangu, negativu nyepesi kama maji. EV mbili juu, nusu ya nusu, maana yake filamu ilipata robo ya mwanga uliotakiwa. Nyuso hakuna. Kuna picha moja kanzu ya bwana harusi inatembea yenyewe pwani, haina kichwa haina mikono.

Nikarudi kibandani kwa adabu kabisa. Hata hakuniangalia, anakula chipsi. "Dogo, mita haikosei, anakosea mpiga picha." Halafu eti labda niliweka ISO 400. Hapo alikuwa na hoja kidogo, maana ukiweka 400 mshale unapanda namba mbili hizo hizo, lakini filamu yangu ya 100 na mita ilikuwa 100, nikamuonyesha. Nikafungua kifuniko cha betri mbele yake, kimeandikwa 1.35V, ndani kachomeka ya 1.5V, ndiyo maana mshale unapanda kupita kiasi. Zile za 1.35V, za zebaki, hazitengenezwi tena najua, lakini si useme! Akajibu "betri ni betri", akarudi kwenye chipsi zake. Betri ni betri!! Yani nalala nalisikia hilo neno.

Ila mita yenyewe, nilitaka kuiandika takataka kabisa, siwezi. Nimeiwekea betri ya mashine ya kusikia, ya 1.4V, nikaizungushia kipete cha mpira isichezecheze, mchana wa jua mshale umekaa 15 umetulia, kivulini 12, safi kabisa. Ukishabandua kile kistika cha betri inaisha ndani ya wiki chache hata usipoitumia, sawa, nanunua nyingine. Kwa hiyo nyota nne. Au tatu, maana nikikumbuka ile kanzu... basi mita nne, muuzaji sifuri, na msininunulie chipsi mwaka huu.

Shemeji anapiga simu kila Ijumaa kuulizia picha, namwambia bado zinasafishwa.